Fundi wa Bao Aliyengoja Kutajwa

Mjukuu wangu mpendwa Atupele,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi, nikikuomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Baridi ya Mbeya imenikaza vidole. Shangazi yako hajambo. Kaburi la bibi yako tumelipalilia.

Umeniuliza kama zamani michezo ilipewa tuzo, maana ule ulioutengeneza kwenye kompyuta haukutajwa ukumbini siku ya kutoa tuzo. Tuzo za namna hiyo sikuziona. Niliona za mashindano ya bao, mjini Iringa, miaka ya sabini. Rafiki yangu Lutengano ndiye aliyechonga bao la fainali, naye aliahidiwa zawadi ya fundi bora. Mgeni rasmi aliwapa washindi zawadi zao, akawashukuru wapishi, hata aliyeazima viti. Kisha akaketi kunywa chai.

“Twende, Lutengano,” nikamwambia.

“Ngoja kidogo. Labda hajamaliza.”

Alingoja hadi viti vikakusanywa. Tulipotoka, tuliwakuta wachezaji wawili wamelirudia bao lile barazani, wakitaniana. Lutengano akainama kutazama.

“Ndugu, sogea bwana, unatuzibia mwanga!” mmoja akafoka.

Akasogea, asijitambulishe. Huzuni haikumtoka, nami sitakudanganya. Ila kila nilipomhimiza tuondoke alikataa, macho yakifuata kete.

Barua hii ataileta Sadiki, dereva wa lori la mchele wa Chimala. Uniwie radhi, nimemwomba aucheze mchezo wako, nawe ukae kando umtazame.

Babu yako akupendaye.