Uso Wako, Mama, na Haya za Wani

...kumbe hakuwa mvivu, Mama. Futa yote niliyokunung'unikia juzi nikiosha vyombo, kwamba mkono wa mume wangu umelegea tangu tuoane, kwamba nilipata mchoraji nikabaki na mume tu. Nilikosea, na nimefurahi kukosea hata sijui nianzie wapi.

Nianze na neno lenyewe. Mume wangu. Nikiliandika nacheka peke yangu. Asubuhi hii amekwenda kazini, kikombe chake bado kina joto, na mimi nimekishika kama mjinga badala ya kukiosha.

Hukuwahi kumwona Wani. Vita vilipofika Juba ulikimbilia Uganda kwa mdogo wako, Khalti Poni, na malaria ikakumalizia hukohuko. Mimi nikarudi peke yangu kufungua kibanda chako cha viatu vya mitumba pale soko la Custom, kwa sababu sikujua kazi nyingine. Wani anabeba mizigo uwanja wa ndege. Ni mrefu, Mama, mrefu wa kuinama mlangoni, na sauti yake ni ya chini kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuja kutafuta viatu vya kazini. Nikageuza vile alivyovua, nikatazama soli, nikasema kama ulivyokuwa ukisema wewe: "Kisigino kimeliwa upande mmoja. Mwenye kiatu hiki anatembea huku anawaza." Akacheka. Akauliza nani alinifundisha uchawi huo. Nikamsimulia habari zako mpaka jua likahamia upande wetu, naye muda wote ameshika kifuniko cha boksi na kalamu ya wino, anachora.

Alichora mwanamke ameketi kwenye kigoda, kiatu mkononi, mdomo ameubinua. Hakuwa wewe. Nikamwambia pua iwe pana zaidi. Kesho yake akarudi na pua nyingine.

Unajua nyumba yetu iliporwa. Haikubaki picha yako hata moja, hata ile ya siku ya ubatizo wangu. Sikumwambia mtu, lakini uso wako ulikuwa umeanza kunitoka. Nilikuwa na mikono yako, nilikuwa na sauti yako, nilikuwa na kile kikohozi chako kabla ya kumkatalia mteja. Uso, nikifumba macho, ulikuwa kama kitu kilichozama majini. Na sasa huyu mtu asiyekujua ananiuliza: akikasirika, nyusi zinapanda au zinashuka? Akicheka anaziba mdomo? Kovu la kidevuni liko upande gani? Nikawa najibu mambo ambayo sikujua kama nayajua. Siku moja akageuza karatasi, na wewe ukanitazama.

Mama! Nilikuwa nimeweka mguu juu ya kigoda chako. Niliutoa haraka, maana ulikuwa unanitazama kwa yale macho ya "nani kakuruhusu".

Hapo ndipo nilipompenda. Wengine hupendwa kwa maua. Mimi nilipenda kwa kovu la kidevuni.

Katuni ikazaliwa hivyo. Tuliiita Mama Soli. Kila kipande, mteja anakuletea kiatu, unakitazama, unamwambia maisha yake, anakasirika, anarudi kesho kukiri. Wani anachora kwenye karatasi, mimi natunga maneno, tunazipiga picha kwa simu dirishani, hapa kwenye chumba chetu cha mtaa wa Hai Jalaba ambako mwanga wa asubuhi ni mwema, kisha tunatafuta mtandao. Kuutafuta mtandao ni safari yenyewe. Kuna siku tumepanda juu ya ukuta wa jirani, mimi nimeinua simu kama anayechunga kuku wasiibwe na mwewe, Wani amenishika miguu, na watu wote wa mtaa wanashangilia: "Bado! Bado! Sogea kidogo, bibi harusi!" Na hatukuwa tumeoana bado.

Tuligombana pia. Nataka ujue, usije ukadhani ni asali tu. Alisema maneno yangu yanawakalia watu vichwani. "Kiden, hii ni katuni, si mahubiri." Nikamjibu kwamba anachora viatu vizuri kuliko watu, basi akaoe kiatu. Mvua ilivuja ikala kipande kizima tulichokipenda, na hakuna kati yetu aliyekula siku ile. Jambo moja hatukugombania kamwe: viatu vyote tunachora, isipokuwa buti za jeshi. Hatukukaa tukakubaliana. Hakuzichora tu, na mimi sikuuliza.

Lakini watu, Mama, watu! Wanasoma Nairobi, wanasoma Khartoum, wanasoma kwenye makambi ya Uganda, simu moja vichwa kumi. Tulichora ile asubuhi baada ya risasi kunyamaza, ulipookota viatu vilivyodondoka barabarani watu walipokimbia, kimojakimoja, ukavitundika kibandani ili wenyewe wakirudi wavikute. Mtu akaandika chini yake: "Kile chekundu kilikuwa changu. Kingine bado ninacho." Nilisoma nikakaa chini sakafuni. Wani naye akakaa. Nilishangaa tu kwamba chumba kidogo hivi, chenye jiko na kitanda na ndoo, kinaweza kuwa mahali ambapo jambo kama hilo linafika.

Kisha tukaoana. Ulikosa harusi nzuri. Khalti Poni hakuweza kuja kwa sababu ya hatari ya barabara, lakini alipiga vigelegele kwenye simu mpaka spika ikakwaruza.

Na baada ya harusi, uso wako ukapotea.

Sikugundua mara moja. Kipande cha kwanza ulikuwa umegeuza mgongo, nikasema sawa, ni ufundi. Cha pili umebeba beseni la viatu na kivuli chake kimekufunika. Cha tatu moshi wa jiko. Cha nne mteja mnene amesimama mbele yako kama ukuta. Wasomaji wakaanza. "Mama Soli ana jipu la jicho?" "Mchoraji ameoa, sasa anachora na tumbo." Nilimwomba Wani kwa upole, akasema "kesho". Nikamwomba bila upole. Akazidisha moshi. Mama, hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya wasomaji. Nilifumba macho kukutafuta, na nikakuta yale maji tena. Ule uso niliokuwa nao ulikuwa kwenye vidole vyake, na vidole vyake vimenifungia mlango.

Nikamwambia neno baya. Nikamwambia: "Kwa hiyo ulinichumbia kwa uso wa mama yangu, na sasa umeshanipata, basi?" Akaweka kalamu chini, akatoka nje, akasimama uani kwa muda mrefu.

Jumapili baada ya kanisa nikamtazama akifanya kazi, yeye hajui. Unajua joto la Juba. Zamani alikuwa anachora kifua wazi, sahani ya karanga pajani, anaimba. Safari hii alimaliza kumchora mteja akiwa vilevile, kifua wazi, anatafuna. Ilipofika zamu yako, Mama, alisimama. Akaiweka sahani ya karanga chini ya kitanda. Akanawa mdomo. Akachukua shati lake la kanisani, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kisha akaketi upande upande, macho pembeni, akachora mgongo wako taratibu, kwa heshima, jasho likimtiririka.

Nikasema, "Wani, unafanya nini?"

Aliruka kama mwizi. Halafu akasema, bila kunitazama: "Kabla alikuwa mama wa rafiki. Sasa ni mama mkwe. Nitamkodolea macho asubuhi nzima namna gani, Kiden? Mimi nasikia haya. Kwetu ni aib."

Kwao wafugaji, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, na akimwona njiani anachepuka hata kama kuna miiba. Nilijua hilo. Sote tunajua. Ila sikuwaza, hata dakika moja, kwamba linakuhusu wewe uliye kaburini.

Mama, nataka uelewe jinsi nilivyobaki. Mimi mwanao nilikuwa nimekuweka pamoja na vilivyopita. Nakupenda, nakulilia, lakini nakuita "alikuwa". Na huyu mtu ambaye hukumzaa, ambaye hamkuonana, anaficha karanga ili usimwone akitafuna! Kwake wewe umeingia chumbani. Umeketi. Unastahili shati. Nilicheka, kisha machozi yakanishika katikati ya kicheko, naye akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi na vifungo vyake vyote vimefungwa. Nilimkumbatia na jasho lake.

Nilijaribu kukuchora mwenyewe, nimpumzishe. Wani alipoona alisema kwa adabu kubwa, "Birika zuri." Basi nimeacha.

Nikampigia Khalti Poni. Nilimweleza yote, akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anacheka hana pumzi. "Ya bint," akasema, "wewe iko na bahati, na hata hujui." Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema njia ipo, ni ya zamani na watu wa kwao Wani wanaijua. Mkwe anakuja na mbuzi. Mama mkwe anamwekea maji ya kunawa kwa mkono wake, anampa chakula, naye anakula mbele yake. Kuanzia hapo macho yamefunguliwa. Na kwa kuwa wewe huwezi kumimina maji, yeye mdogo wako atayamimina kwa mkono wake, lakini iwe pale ulipolala, si kwingine. "Mwambie aje na mbuzi mwenye afya. Dada yangu hakuwa mtu wa kudanganywa."

Wani alipolisikia hilo aliuliza jambo moja tu: "Atakubali?" Hakumaanisha Khalti.

Barabara ya Nimule ya kuja huko Uganda siyo salama, sitakuficha. Magari yanakwenda kwa msafara na askari, na kuna siku msafara hauendi. Tumepata nafasi kwenye lori la mtu wa soko anayefuata msafara kila mara. Naogopa barabara. Naogopa zaidi kitu kingine: je, akiinua macho akakuta amesahau, kama mimi? Ninajiambia hapana. Mtu anayekuvalia shati hawezi kukusahau.

Ukurasani tumeandika kwamba Mama Soli anajiandaa kumpokea mkwe, kwa hiyo wavumilie. Nilitarajia matusi. Walijibu kwa vigelegele, Mama, kimoja baada ya kingine, kutoka kwa watu ambao majina yao ya kikabila tu yanatosha kuonyesha kwamba barabarani wasingesalimiana siku hizi. Mmoja akasema mbuzi asiwe na pembe iliyovunjika. Mwingine akamuuliza kwa nini, na wakabishana juu ya pembe mpaka asubuhi, kwa upendo. Nilimsomea Wani kila neno.

Sasa pumzika. Sijui kama huko mlipo kuna kujiandaa kupokea wageni, lakini kama kupo, jiandae. Nakuahidi kwamba nitamtunza huyu mtu, hata anapokataa maneno yangu mazuri. Na nakuahidi tunakuja, kabla ya mwezi huu kuisha, mimi na yeye na mbuzi. Khalti atamimina maji, Wani atakula, nami nitakuwa nimemshika mkono. Atainua macho polepole, namjua. Mama, tafadhali, na wewe usigeuze uso.

Mwanao,
Kiden