Njano Mara Mbili

Alhamisi, Bulyaga, Tukuyu

Mimi, nina malaria!

Leo kwenye maabara ya chuo mkufunzi alituonyesha kipimo kipya cha malaria. Hakihitaji ile mashine ya kupasha na kupoza tena na tena. Vichupa vinakaa kwenye joto moja tu, na kama damu ina vimelea, DNA yao inanakiliwa humo mpaka rangi ya waridi inageuka njano. Akaomba damu ya mtu asiye na ugonjwa. Nikanyoosha kidole huku nacheka. Sina homa, na kipimo cha haraka kilikuwa kimesema sina kitu.

Kichupa cha kulinganishia, chenye maji tu badala ya damu, kikabaki waridi. Changu kikawa njano.

“Mwalimu, rudia,” nikasema. Akarudia kwa damu mpya. Njano tena. Wenzangu wakanitazama tumbo, maana wanajua nina ujauzito wa miezi sita.

Nilidhani baridi ya Tukuyu inatulinda. Kumbe kule msibani Masukulu, chini kwenye joto, nilipolala bila chandarua...

Dozi ya kwanza ya dawa nimeimeza. Nilipomweleza mume wangu, aliuliza, “Na mtoto?”

Nikauweka mkono wake tumboni. Tukasubiri, tukasubiri. Ndipo mtoto akapiga teke.