Shikamoo ya Saidi

Newala, Jumamosi

Saidi kanishinda tena, na hodari wa usukani ni mimi! Tulipatana Masasi: wa mwisho kufika Newala atamwamkia mwenzake shikamoo mbele ya watu. Na tulitoka jando moja!

Mlimani lori langu lilichemka kama kawaida, nikashuka bondeni na debe kutafuta maji. Lake nalo huchemka, sasa mbona yeye hashuki? Leo, nikiwa huko chini, nimeona. Anawapakia akina mama wanaopandisha maji Newala, nao wanamjazia rejeta.

Sokoni nikainama. "Shikamoo, Saidi."

"Marahaba, mwanangu. Umekua!"

Mmoja wa wale akina mama akacheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye debe lake. Nikamwamkia na yeye, kisha nikamwuliza Jumatatu, safari yetu ijayo, anaanza kupanda mlima na maji saa ngapi.