Baba, Kumbe Lingala Hukuijua

Baba,

Barua inaanzaka na kuuliza habari ya afya. Yako sitaiuliza. Ya kwetu nitakuambia polepole, juu iko na jambo moja yenye imenichekesha na kuniliza siku moja, na hakuna muntu mwingine wa kumuambia isipokuwa weye. Njo nimechukua karatasi. Nimekaa nyuma ya nyumba, karatasi iko juu ya bokisi ya sabuni, Numbi amelala ku mugongo yangu. Kama maandishi inapanda na kushuka, ni yeye anapumua. Na usicheke makosa. Nilifika darasa la sita tu, unajua.

Tangu tulikuzika, mvua ilikuja na ikaisha. Ile nyumba ya kambi ya reli ilikuwa ya kazi yako, haikukuwa yetu. Balimupatia mama muda wa kutoka, akatoka. Nikamuleta huku kwangu ku Base, mu nyumba za basoda, juu bwana yangu ni muntu wa jeshi. Nilifikiri: mama atakaa na mujukuu yake, atasahau kidogo.

Hakusahau. Alikuwa anakula matonge mbili ya bukari, anaosha mikono. Asubuhi anafagia uwanja, kisha anakaa chini, na siku inapita juu yake sawa wingu. Mjomba Banza, kaka yake, akatuma neno kutoka Kaniama: kilio imeisha, mujane arudi kwao, nitakuja kumuchukua wakati mahindi inaanza kukauka. Mama akasema ndiyo.

Baba, minyi sikutaka. Siwezi kumukataza mama kwenda kwa ndugu zake, hapana. Lakini niliona vile alikuwa anafunga bintu yake. Alitoa bikwembe yake yote, ile mizuri ya Noeli, akagawanya kwa majirani. Alibakia na mbili. Muntu mwenye anaenda mahali kuishi hagawanyi nguo yake. Nikajua anaenda Kaniama kungojea siku yake. Usiku sikulala. Nikasema: nifanye nini ili mama abakie?

Tena kulikuwa mambo ya bukwe. Unajua mama vile anashika desturi: mama mukwe hakule na mukwe yake, hamuangalie mu macho, hakae naye mu salon moja. Na bwana yangu ni muntu wa Ekwatere, kule kwa bantu ba Lingala, hiyo yote haijui. Kwao mama mukwe anakaa pa meza, anapigana vijembe na mukwe yake, banacheka. Kila asubuhi akitoka na uniforme yake anapita: «Mbote, mama!» Mama anageuka, anaangalia ukuta. Bwana yangu akaniuliza: «Ule ukuta uko na nini?» Nikamufasiria. Akasema: «Basi nitasalimia ukuta.» Na kweli, tangu ile siku anausalimia. Ni muntu muzuri, Baba. Ulichagua vizuri kukubali, hata kama ulikasirika mara ya kwanza.

Sasa sikia. Mwezi moja mbele ya Mjomba kufika, ku televizyo balitangaza kama kila siku ya Mungu, ile ya misa, mangaribi, batarudisha ile teatre ya zamani, ya Papa Lopango na famille yake.

Nilisahau hata chungu ku moto.

Unakumbuka? Utasahau aje! Ile televizyo ya nyeusi na nyeupe ya shefu wa depo, kambi nzima ilikuwa na hiyo moja tu. Alikuwa anaigeuza ku dirisha, ituangalie siye inje. Batoto mbele, chini. Bamama juu ya mikeka. Babaume nyuma, banasimama, banajifanya banapita tu. Na weye kando ya dirisha, na kofia yako ya kazi. Juu Papa Lopango alikuwa anasema Lingala ya Kinshasa, na siye bantu ba reli tulikuwa na Kiluba yetu na Swahili yetu. Nani atafasiria? Weye, muntu wa breki, mwenye train inamupeleka mpaka Ilebo! Ulikuwa unapiga mikono: «Nyamazeni! Hii Lingala niliikula Ilebo pamoja na samaki, iko mu tumbo.» Na unaanza.

Kila kitu iko mu kichwa yangu. Papa Lopango alikuwa muntu wa breki sawa weye, muvivu, mwoga. Ule mama wa kitambaa kikubwa, mwenye alikuwa anaingia na mukoba, alikuwa mama mukwe yake kutoka Kaniama. Alikuja kuhesabu vipande vya nyama mu sahani ya mukwe. Na mu mukoba, ulisema, alificha kuku muzima, juu hakuamini chakula ya mujini. Kila akigusa mukoba, weye unalia sawa kuku. Bamama banaanguka juu ya mikeka. Shefu wa depo mwenyewe, mwenye hakuchekaka ku kazi, alikuwa anafuta macho na leso.

Siye batoto ya zamani ile, sasa ni baba na mama za bantu. Nikikutana na Kalenga ku soko, ule mutoto ya jirani yetu, sasa iko na batoto batatu na mvi moja, hanisalimii. Ananiambia tu: «Angalia mukoba!» Na minyi nalia sawa kuku, hapo mbele ya bantu, na mutoto ku mugongo. Tunacheka mpaka tunashikana. Kalenga anasema: «Teatre ya sasa haina chumvi.» Na ni kweli, kila muntu wa miaka yetu anasema vile. Nyumba mingi iko na televizyo sasa, ingine na rangi. Tunaangalia, tunacheka kidogo ku meno, tunasema: ya zamani njo ilikuwa teatre. Nilikuwa najiuliza, ni teatre njo iliharibika ao ni siye?

Siku ya Mungu ikafika. Bwana yangu akaenda kuangalia kwa rafiki yake, ili mama awe huru. Hata vile mama alikataa kuingia mu salon ya mukwe. Nikamuwekea kiti kidogo mu korido, nikateremusha pazia nusu. Numbi ku miguu yangu. Miziki ikaanza, ile ile, na machozi ikanijia mbele hata ya muntu kutokea.

Kisha bakaanza kusema, Baba. Na minyi nikasikia.

Miaka tano ya ndoa na muntu wa Ekwatere. Lingala sasa naota nayo. Nikasikia neno kwa neno. Papa Lopango si muntu wa breki. Anaandika barua mu biro moja ya Kinshasa. Ule mama wa kitambaa si mama mukwe. Ni direktrise wa masomo, anakuja kushitaki batoto juu banachelewa. Mu mukoba hakuna kuku. Iko na madaftari! Nilitafuta Kaniama mu maneno yao, sikuiona. Nilitafuta nyama, sahani, breki. Hakuna. Baba, weye! Ulisema nini siku zote zile? Samaki ya Ilebo ulikula, sawa, lakini Lingala hukuigusa hata mufupa!

Nilikasirika kidogo, nakuambia ukweli. Nilijiona mupumbavu, minyi na kambi nzima. Na mbele hasira iishe, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ni mama. Akauliza:

«Anasema nini?»

Baba, nikafikiri: Nikimuambia ukweli, nitamunyanganya hata kile kidogo ulimuachia. Anaenda Kaniama na bikwembe mbili, na sasa aende akijua bwana yake alikuwa anamudanganya kila juma mbele ya bantu? Nikasema: «Ule... ule ni mama mukwe. Amefika na train. Iko na kuku mu mukoba.»

Nikafikiri amelala.

«Hapana,» mama akasema. «Baba yako alisema kuku mbili. Moja ilikuwa inaumwa.»

Na akacheka. Baba, mama alicheka! Si kicheko kikubwa, ni sawa muntu anajaribu mulango kama ingali inafunguka. Nikaendelea, nikakosea tena, akanirudi: «Weye, haujui kufasiria. Hapo Papa Lopango anamuambia bibi yake afiche sufuria chini ya kitanda.» Nikaangalia televizyo: Papa Lopango alikuwa anaomba ruhusa ya ugonjwa kwa shefu wake. Mama akainua pazia. Akaingia mu salon. Akakaa chini, juu ya mukeka, karibu na Numbi, na akasema teatre yote mpaka mwisho, na sauti yako, hata kile kikohozi ulikuwa unakohoa mbele ya jambo ya kuchekesha.

Ilipoisha, sikuweza kushika. Nikasema: «Mama, lakini Baba na ile Lingala...»

Akaniangalia sawa anaangalia mutoto mwenye ameleta maji mu kikapo. Akasema: «Mutoto yangu, mbele uzaliwe niliuzisha mihogo ku mulango ya hii Base. Bibi za basoda hawakujua Kiluba. Unafikiri tulikuwa tunasemeshana na vidole? Lingala niliijua mbele ya baba yako kuiona hata kwa mbali.»

«Na hukumuambia?»

«Nimuambie juu ya nini? Siku ya kwanza neno moja ilimupita, akasema uongo kidogo, bantu bakacheka. Akaniangalia kama nitamufunua. Nikacheka na minyi. Basi, akaendelea miaka yote.» Kisha akasema, huku anafunga kitambaa ku kichwa: «Nyiye wote mulikuwa na teatre moja. Minyi nilikuwa na mbili.»

Televizyo ilirudisha Papa Lopango, na Papa Lopango hakuwa kitu, Baba. Ni muntu wa biro anachelewa ku kazi. Kalenga na minyi, ku soko, hatukumulilia yeye hata siku moja. Yenye tunatafuta hawakuiweka mu bande ya picha yao kule Kinshasa, juu ilikuwa inasemwa inje ya dirisha.

Juma ya pili bibi za basoda bakasikia kicheko, bakaja na viti. Angalia ile ajabu: bantu ba Lingala ya kuzaliwa, banakuja kusikiliza mama anafasiria Lingala! Bibi ya sergent moja akashindwa kuvumilia: «Mama, hapo hakusema vile!» Mama hakugeuka hata: «Weye sikiliza na masikio yako, siye tunasikiliza na yetu.» Bakamuzomea ule bibi mpaka akanyamaza. Juma yenye ilifuata alikuwa wa kwanza kufika.

Na bwana yangu naye akarudia mapema, akajificha inje chini ya dirisha. Mvua ikaanza. Tukamusikia anacheka na kukohoa. Mama akaniambia, kwa sauti ya kusikiwa na bote: «Muambie mukwe yangu aingie pa mulango, atapata homa.» Akaingia. Akakaa ku kizingiti, akamupa mama mugongo, akaangalia mvua. Teatre aliifuata na masikio tu. Mama mbele, mukwe nyuma, hakuna mwenye amemuona mwenzake, na desturi yote iko salama. Akasema: «Sasa minyi njo ukuta.» Mama akafunika mudomo.

Mjomba Banza akafika siku ya posho, na gari ya mahindi. Ilikuwa irudie kesho yake. Ile kesho, siku ya Mungu, furushi ya mama ilikuwa tayari pa mulango, minyi nikaenda jikoni ili asinione vile niko. Nikasikia mama anauliza:

«Gari inaondoka wakati gani?»

«Mbele ya mangaribi, dada.»

«Teatre iko mangaribi.»

«Basi?»

«Basi gari iende.»

Mjomba akapiga kelele ya mujane na ndugu zake, na aibu ya kukaa kwa mukwe. Mama akamuacha aseme, akamuletea kiti ya mbele. Ile mangaribi Mjomba alisikia kama mama mukwe wa Papa Lopango ni wa Kaniama, na akauliza na bidii yote: «Wa kijiji gani?» Baba, tulilala chini. Gari ilikuwa imeenda; akaondoka na train siku ya pili yake, peke yake, na neno hii ya kupeleka: mama atakuja wakati wa kuvuna, atasaidia, na atarudia kwake. Alisema kwake. Nilihesabu ile neno mara mingi mu roho.

Sasa bwana yangu anafyatua matofali hapa nyuma, ya chumba ya mama. Mulango itaangalia upande ingine, ili basikutane asubuhi. Mama anakanyaga udongo na miguu yake mwenyewe, anawagombeza bantu kama maji iko kidogo. Jana alikula, akaomba tena.

Baba, lala vizuri. Usihangaike juu ya mama, iko na kazi mingi. Batoto ya uwanja wote banamungojea, na Numbi ameanza kumushika mudomo wakati anakawia. Lakini mama naye ni muntu, siku moja atachoka. Ile siku minyi njo nitasimama kando ya televizyo. Nakuahidi. Lingala naijua yote, neno kwa neno, lakini usiogope.

Nitadanganya vizuri.

Mutoto yako,
Mama Numbi