Supu ya Kunusa

Jumatatu, 4 Machi
Kuonja supu huku unamfokea mtu — haya ndiyo malipo yake! Mfupa wa kuku ulinikwama kooni, nikaushindilia kwa tonge la wali, na mfupa ukanitoboa. Mimi, mpishi mkuu wa kantini!

Daktari kasema njia ya chakula ina tundu, mate yanavujia kifuani. Atapitisha mpira wenye kamera mdomoni, alibane tundu kwa kibanio. Nikamuuliza kama ni sawa na kuziba sufuria. Akasema sufuria huwa hailalamiki.

Jumanne, 5 Machi
Kibanio kimekaa. Ubavuni nina mpira unaotoa uchafu hadi kwenye mfuko chini ya kitanda. Chakula napitishiwa puani. Hata maji marufuku! Kibanio kikiachia, nitapasuliwa kifua. Naogopa, nisijidanganye.

Alhamisi, 7 Machi
Mume wangu, fundi viatu asiyejua hata kuchemsha yai, ndiye anayewapikia watoto. Leo kaniletea supu yake — ninuse tu! Bakuli limefunikwa vizuri, bila kijiko. Tundu moja la pua lina mpira, la pili liko kazini. Nikamwambia kitunguu kimeungua. Eti watoto wamekula wote. Nikamjibu, wana njaa hao! Tumecheka hadi ubavu ukaniuma, nesi akaja kutugombeza.

Jumapili, 10 Machi
Supu ya leo: kitunguu safi, tangawizi imezidi. Mume wangu kaenda zake amenuna, lakini najua atarudi na nyingine. Homa imeshuka. Mchana nimelala fofofo. Nina raha, sijui hata kwa nini.

Jumatano, 13 Machi
Siku yenyewe ndiyo hii. Nimekunywa maji ya buluu. Nesi kaeleza: buluu ikitokea kwenye mfuko, tundu bado liko wazi. Isipotokea, nitaanza kula kidogo kidogo, vya majimaji. Ulimi wote buluu! Nimemtolea daktari, kacheka.

Tunasubiri. Mume wangu kachuchumaa sakafuni, macho kwenye mfuko. Namuuliza, vipi? Bado hakuna kitu. Na sasa? Mama watoto, hebu tulia! Nesi kasema tungoje tena kidogo.

Bakuli liko mezani. Nimeshanusa: safi kabisa, kosa sijaliona. Na pembeni yake, kimeviringishwa kwenye kitambaa — leo kaleta na kijiko.