Miti Iliyokuwa Uzio

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Kalinzi, kwenye baridi na ukungu, hata ziwa halionekani. Ulinikataza nisipande huku. Ulisema tangu mlipohamishwa ukiwa mdogo, hakuna kilichobaki pale kwa bibi. Nimepanda hivyo hivyo, na Mama Neema, mwenye shamba la kahawa hapo chini, ndiye aliyenionyesha njia.

Juu ya kilima kuna miti mikubwa imesimama kwa duara. Imepinda na kukumbatiana, mingine imeungana mashina hadi hujui upi ni upi. Mmoja umejikunja kama kiwiko, chini kabisa, usawa wa goti. Nilitaka kupenya katikati ya mashina niuguse, Mama Neema akanishika mkono. "Huo ni ukuta, mwanangu. Mlango uko kule."

Ndipo nikaelewa. Ni nguzo za uzio wenu, zile mbichi alizochimbia babu. Zilishika mizizi, zikaendelea kukua bila ninyi. Na ule uliojikunja ndio ule ambao wewe uliniambia mlikuwa mkiufungia ndama.

Nikazunguka hadi kwenye uwazi, nikavua viatu, nikapiga hodi. Mama Neema akaitikia kwa niaba ya babu na bibi, taratibu: "Karibu nyumbani."

Meza dawa zako, Baba, na ule vizuri upate nguvu. Miti imenenepa ikaziba kila upenyo, lakini mlango wenu haijauziba.

Mwanao,
Adela