Sina cha Kurudisha

Diepsloot, Johannesburg
Jumapili, 8 Disemba 2019

Dada yangu mpendwa Mwanaasha,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na zaidi ya wote mama, ambaye naambiwa siku hizi anafika uani bila kushikwa mkono. Alhamdulillahi. Goti lake msiache kulikanda kwa maji ya moto, hata akinuna. Sisi huku miili ni mizima. Tabia anakusalimu sana. Nusaiba amefaulu darasa la nne. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimwuliza jambo anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na mama yake humtania kwamba akifika Tanga atashinda na njaa kwa kukosa neno la kuombea chakula.

Barua hii anaileta Burhani wa Ngamiani, anayerudi nyumbani kuoa. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa. Naomba uisome peke yako kwanza, halafu ndipo uamue nani mwingine aisikie.

Mara mbili umeniuliza kwa nini sauti yangu imebadilika. Mara ya kwanza nikasema ni vumbi. Mara ya pili nikasema ni zile fujo za mwezi wa tisa, walipovunja maduka ya wageni. Duka letu halikuguswa, hilo nilikwambia kweli. Majirani walilikalia mlangoni kutwa nzima, wakiongozwa na mama mmoja mwenyeji wa hapa, wa kabila la Wapedi, aliyeshika mwiko wa kusongea ugali. Mama huyo hajui alikuwa anamlinda mtu wa namna gani.

Nianze na Thérèse. Alikuwa mke wa Gustave, rafiki yangu Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa geti kwenye jengo moja la ofisi huko Sandton. Thérèse alikuwa na saluni ndani ya kontena lililobanana na duka letu, ukuta kwa ukuta. Alimsuka Tabia, alimsuka Nusaiba, na asubuhi akichemsha chai ya tangawizi alinipitishia kikombe dirishani bila kuniuliza kama nataka. Tabia alipojifungua yule mtoto ambaye hakukaa, Thérèse alifunga saluni siku nne akatupikia.

Jumapili moja ya mwezi wa nane alialikwa kwenye sherehe, mtaa wa tatu kutoka hapa. Mwenye sherehe alikuwa mteja wake, mwanamke aliyetimiza miaka arobaini, na Thérèse ndiye aliyemsuka kwa ajili ya siku hiyo. Walifunga turubai uani, wakachoma nyama, watoto wakaruka kamba. Saa tisa mchana aliingia kwa mlango wa nyuma mtu aliyekuwa mume wa yule mwanamke, fundi wa mafriji aitwaye Sello. Alikuwa na bastola. Alimpiga risasi mkewe wa zamani, kisha akampiga kila aliyekuwa mbele yake. Watu watano walikufa, saba wakaumia. Mwisho akajimaliza mwenyewe. Thérèse walimkuta amemlalia mtoto wa watu, msichana wa miaka sita. Mtoto alikuwa mzima. Thérèse alikuwa na risasi mbili mgongoni.

Mimi wakati huo nilikuwa dukani napima sukari. Nilisikia milio nikadhani ni fataki. Hapana dada, nisianze tena uongo. Nilijua si fataki.

Tulimzika Thérèse huku huku, kwa kuwa Bukavu ni mbali. Gustave alibaki na watoto wawili na kontena lenye vioo. Kila jioni akitoka kazini alikuja kukaa dukani kwangu juu ya kreti la soda, na redio ikiwa wazi. Wiki zile redio haikuwa na habari nyingine. Watu walipiga simu kutoka kila upande. Wapo waliotaka raia wa kawaida wasiwe na bunduki kabisa, wabaki nazo askari tu. Wapo waliosema wao wana vibali, wanalipia, wanasumbuliwa kila vinapokwisha muda, na wanaoua ni wale ambao hawajawahi kujaza fomu hata moja. Gustave alisikiliza wote. Siku moja akaniambia kwamba wote wanasema kweli, na wote hawamrudishii mtu.

Mwezi wa kumi uliitishwa mkutano kwenye ukumbi wa jumuiya, watu wa mtaa watoe maoni yao juu ya silaha. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwanaume mmoja mwenye bastola ya kibali alisema kwamba angekuwepo mtu mmoja tu mwenye silaha pale uani, wangekufa wachache. Nesi mmoja akamjibu kwamba yeye huwapokea waliopigwa na bunduki zenye kibali na zisizo na kibali, na bado hajaona tofauti ya tundu. Ndipo kijana mmoja akasimama akasema tuache kuzunguka: bunduki zinatoka kwenye maduka ya wageni, zinauzwa chini ya kaunta pamoja na sigara.

Ukumbi ulichafuka. Wenzangu wenye maduka walinitazama mimi, kwa kuwa nimekaa hapa miaka mingi na Kizulu changu kinasikika. Nikasimama. Nikawaeleza jinsi mdogo wetu Jumbe alivyouawa juu ya kaunta yangu, nikasema sisi ndio tunaozikwa, sisi si wauzaji. Nikamaliza kwa kusema hakuna mwenye duka miongoni mwetu aliyewahi kushika bunduki. Dada, walinipigia makofi. Wazee walikuja kunishika mkono. Gustave alinikumbatia mbele ya watu, akilia begani kwangu.

Tulipotulia, akasimama mama wa mmoja wa waliokufa. Alisema maneno machache tu. Alisema kwamba Sello alikuwa hajui hata kuchinja kuku, na yeye hataki sheria mpya wala ya zamani, anataka kujua ni nani aliyempa. Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Wiki iliyopita serikali ilifungua msamaha wa miezi sita. Mwenye silaha asiye na haki nayo anaweza kuirudisha polisi asishitakiwe kwa kuwa nayo. Niliposikia kwenye redio moyo uliruka, kama mtu aliyeitwa jina. Nikasimama kabisa, mteja yuko mbele yangu anangoja chenji yake. Ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kurudisha. Bastola yangu iko polisi tangu mwezi wa nane, ndani ya mfuko wa ushahidi.

Ndiyo, dada. Ni ile.

Tulipomzika Jumbe mwaka 2017, siku nilipokuwa narudi huku, ulinishika mkono ukaniambia nisikae kama kuku anayengoja kisu. Sikuandikii haya kukutwika. Lilikuwa neno la dada mwenye uchungu. Bastola niliitafuta mwenyewe, Marshalltown, katikati ya jiji, kwa mtu anayeuza mikanda, kwa sababu karatasi yangu ya ukaazi ni ya muda na sheria ya hapa haimpi mtu kama mimi kibali cha silaha. Niliificha chini ya magunia ya mchele miaka miwili. Sikuwahi kuipiga. Nilijifunza tu kuifungua na kuifunga, na nilijiona mwanaume.

Mwezi wa saba Tabia aliiona alipokuwa anafagia. Akanipa siku tatu: itoke, au atoke yeye na mtoto. Ningeweza kuitupa. Ningeweza kumpa sheikh aipeleke polisi. Lakini wiki ile ile friji la dukani lilikuwa limekufa na kuku wananuka, nikamwita Sello. Akiwa amepiga magoti nyuma ya friji, alinieleza kwamba mkewe amemwacha na watu wanamcheka. Kisha akauliza kama namfahamu mtu mwenye bastola. Nikasema ninayo, nitengenezee friji uichukue.

Akasema, akikaza skrubu, polepole kabisa, "Kuna mwanamke atanijua mimi ni nani."

Nilisikia. Masikio yangu hayana ugonjwa. Nikajiambia ni maneno ya mtu aliyeachwa, yatapita. Nilitaka kile kitu kitoke nyumbani kabla siku tatu hazijaisha. Naye alikuwa hajawahi kushika bastola maishani mwake. Nilimpeleka nyuma ya makreti nikamwonyesha: risasi zinaingia hapa, hiki kidude cha pembeni ukikishusha ndipo inapiga. Alikosea mara mbili. Nilimshika kidole nikamwelekeza. Tabia nikamwambia nimeitupa mtoni.

Alhamisi nilimwambia Tabia ukweli. Hakulia. Alitoa kuku wote kwenye friji akawagawia majirani, kisha akachomoa waya ukutani. Tangu hapo anaongea nami ya lazima tu.

Ijumaa baada ya sala nilimfuata Gustave. Alikuwa ndani ya kontena anafunga mashine za nywele kwenye maboksi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, hata kidole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo wake naouona mimi, uso wake unaonekana kwenye kioo. Nilingoja anipige. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulipompa, risasi zilikuwamo?"

Nikasema zilikuwamo zote.

Wateja waligonga duka langu wakaondoka. Mwishowe akasema, "Jumatatu naingia kazini mchana. Asubuhi tutakwenda kituoni pamoja." Nilifungua mdomo kumshukuru, akaninyamazisha kwa mkono. "Sikusindikizi, Nassir. Nataka nione kwa macho yangu kwamba umefika."

Basi kesho ndiyo Jumatatu. Nitawaambia polisi nilivyoipata, kwa nani, na niliyompa. Sijui ni miaka mingapi, na sijui kama baada ya hapo watanirudisha Tanzania. Nitamtafuta pia yule mama aliyeuliza pale ukumbini, au nitaomba wamfikishie jina langu, maana ni yeye aliyelihitaji kuliko wote. Msamaha sijamwomba mtu. Nikiuomba sasa nitakuwa natafuta tena kupigiwa makofi.

Tabia na Nusaiba wataondoka huku shule zikiwa zimefungwa. Wapokee, dada. Mpe mtoto chumba kile cha mbele chenye mwanga, na usimlazimishe Kiswahili, atakizungumza akizoea. Akikuuliza baba yuko wapi, usimwambie nipo safarini.

Nisalimie shemeji, nisalimie majirani wote wa Chumbageni, nisalimie na makaburi ya wazee mkipita. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Najua watu wa nyumbani watatafuta neno la kunistiri: watasema nimeonewa kwa kuwa mgeni, au nimeshikwa kwa karatasi za ukaazi. Wengi hapa wanaonewa kweli kwa hayo, na wanastahili kuaminiwa wanaposema. Mimi usinichanganye nao. Wakikuuliza, waambie ndugu yako alimpa mtu bastola akamfundisha kuipiga, na watu watano wamekufa, na mmoja wao alikuwa akimpa chai kila asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Nassir